Anza kwa Jirani: Mwongozo kwa Dalali Mpya wa Pongwe

Kabla hujampeleka mteja kuona kiwanja, nenda kwanza peke yako. Nenda asubuhi, na uvae viatu vya kufunika vidole, maana ardhi ya Pongwe ina mawe ya chokaa yaliyojificha chini ya majani. Mwenye kiwanja usimchukue. Yeye mtaongozana siku ya pili. Siku ya kwanza ni ya majirani.

Naliweka hili mwanzo kwa sababu mimi nimelilipia ghali kulijua, na ndilo madalali wengi wapya wanaloliruka. Viwanja vingi utakavyoletewa hapa na pembezoni mwake havina hati. Vina karatasi ya mauziano iliyoandikwa kwa mkono, saini nne, muhuri wa mtaa, na kumbukumbu za watu wanaoishi pale. Karatasi inaweza kuwa imeandikwa juzi. Bibi aliyepanda ule ua wa michongoma mwaka aliojifungua mwanawe wa kwanza anajua mpaka ulipo, na anajua nani alijaribu kuusogeza.

Ukifika piga hodi, amkia, kaa unapokaribishwa. Usianze na habari ya kiwanja. Uliza afya, uliza mvua, uliza mihogo. Kisha jitambulishe: jina lako, unapokaa, kazi yako, na kwamba fulani amekupa eneo lake umtafutie mnunuzi. Halafu nyamaza. Mtu wa pwani hatoi jambo zito kwa swali la ghafla, atamenya muhogo mmoja, atamenya wa pili, ndipo aseme, "Eneo lipi hilo, mwanangu? Lile lenye mwembe au la huku bondeni?" Hapo umeshajua kuwa yapo mawili, na muuzaji alikutajia moja.

Mwaka wangu wa kwanza sikupiga hodi kwa mtu. Niliuza kipande cha nusu heka kando ya njia iendayo kwenye mashamba ya mkonge. Muuzaji alikuwa mtu mzima wa heshima zake, karatasi safi, kaka zake wawili wamesaini. Mnunuzi alikuwa dereva wa lori aliyekusanya pesa ile kwa miaka. Siku fundi alipofika na shoka ili aangushe minazi mitatu apate pa kuchimba msingi, alitoka mama mmoja nyumba ya pili, kanga ameikaza kiunoni, akaja akauegemea mnazi wa katikati kwa mgongo. Hakupiga kelele. Alisema, "Ardhi ni ya kaka yangu. Minazi ni yangu, alinipa baba. Kateni na mimi."

Kwenye pwani yetu hilo si jambo la ajabu. Mti na ardhi uliposimama vinaweza kuwa na wenyewe wawili, na mtu akarithi au akauza minazi bila kugusa udongo. Kaka mtu hakudanganya. Aliuza kilichokuwa chake, na hakuna aliyemuuliza habari ya miti. Tulikaa siku mbili barazani kwa mjumbe. Fidia ya minazi ilitoka nusu kwa muuzaji na nusu kwenye ujira wangu, na yule dereva akachelewa kujenga kwa miezi minne. Nyumba ya yule mama ilikuwa hatua arobaini tu kutoka pale nilipokuwa nimesimama nikimsifia mteja upepo.

Tangu hapo yako maswali ambayo siondoki kwa jirani bila kuyapatia jibu. Mpaka unapita wapi, na nani aliuonyesha mara ya mwisho? Miti ni ya nani? Kuna kaburi humo, hata la mtoto mchanga? Watu wanapita wapi kwenda kisimani au msikitini? Na hili ambalo wengi hawaliulizi: nani analima hapa? Ukikuta matuta mapya ya viazi vitamu kwenye kiwanja ambacho mwenyewe anaishi Dar es Salaam, mtafute mwenye jembe kabla ya kumtafuta mnunuzi. Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 inampa mtu miaka 12 ya kudai ardhi yake mahakamani. Aliyeachwa akalima muda mrefu kuliko huo bila kuulizwa anaweza kusimama na hoja nzito, na hata akishindwa, kesi itakuwa imezila pesa za mteja wako. Mara nyingi ni mtu aliyekaribishwa tu na mwenye shamba, na ukimpa msimu mmoja avune ataondoka kwa salama. Lakini lazima aulizwe, tena kwa adabu.

Muuzaji akikwambia shamba ni la baba, na baba hayupo duniani, funga daftari kwanza. Shamba la marehemu haliuzwi na mtoto mkubwa kwa ukubwa wake. Linauzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwa familia nyingi za hapa ni Mahakama ya Mwanzo. Kikao cha ukoo kinapendekeza jina; mahakama ndiyo inayoteua. Muhtasari wa kikao peke yake, hata uwe na saini ishirini, haumpi mtu mamlaka ya kuuza. Na msimamizi naye si mwenye mali: kazi yake ni kukusanya, kulipa madeni na kugawa. Kwa hiyo omba kuona barua ya uteuzi, kisha omba kuonana na warithi wenyewe, uhesabu vichwa.

Kwa familia ya Kiislamu, mke wa marehemu aliyeacha watoto ana thumni yake, na binti ana nusu ya fungu la kaka yake. Nusu ya fungu ni haki kamili ya mwenyewe. Nimeona mara nyingi mno dada walioolewa Mombasa au Lushoto wakiachwa nje ya karatasi kwa maneno kwamba "wale wako kwao sasa". Siku ya Idi wanarudi kuzuru kaburi la baba, wanakuta ukuta wa matofali, na mtu wa kwanza kuulizwa ni dalali. Katika kila ukoo mtafute shangazi. Ndiye anayekumbuka kuwa marehemu alikuwa na mke mwingine Muheza na watoto wawili, na atakwambia bila kupunguza, kwa sababu wale watoto ni damu yake vilevile.

Muuzaji aliye hai na mwenye ndoa naye ana mwenzake. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinazuia nyumba ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza. Usitosheke na "mke wangu anajua". Omba ukaribishwe ndani, umsikie kwa kinywa chake. Niliwahi kumkuta mama anakuna nazi uani, nikamsalimu na kumpa pole ya kuhama. Mkono ulisimama juu ya mbuzi, kifuu nusu. Alikuwa hajaambiwa. Biashara ile niliiacha siku hiyo hiyo, na sijaijutia.

Sasa karatasi. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais ndiye mdhamini wake, na mnachouziana ni haki ya kuitumia. Sheria mbili za mwaka 1999, Na. 4 ya Ardhi na Na. 5 ya Ardhi ya Vijiji, zilianza kutumika Mei 2001, na ndizo zinazokuamulia uanzie ofisi gani. Pongwe ni kata ya Jiji la Tanga, kwa hiyo utashughulika na serikali ya mtaa na ofisi ya ardhi ya jiji. Ukifuata barabara kuelekea Muheza unaingia kwenye vijiji, na mambo yanabadilika: mauziano kwa mtu asiye mwanakijiji yanahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji, yaani kikao chenye akidi na muhtasari wake. Muhuri wa mwenyekiti uliogongwa mezani mgahawani haujafika huko. Madalali wa mjini hujikwaa hapo kila siku.

Kama hati ipo, isome yote. Tazama ni ya miaka 33, 66 au 99, na imebaki mingapi. Tazama matumizi yaliyoandikwa, maana kiwanja cha makazi hakigeuki yadi ya malori kwa sababu mnunuzi ana malori. Kisha nendeni na mteja kwa Msajili wa Hati mkafanye upekuzi, muone kama kuna rehani ya benki au zuio la mtu. Uliza pia deni la kodi ya pango la ardhi. Hati iliyowekwa ndani ya plastiki inayong'aa inapendeza machoni, lakini anayejua ukweli wake ni Msajili.

Neno "kimepimwa" lisikize kwa makini. Wauzaji wengi wakisema kiwanja kimepimwa wana maana kwamba watu walikanyaga na kamba. Kiwanja kilichopimwa kisheria kina ramani iliyoidhinishwa na bikoni zenye namba kwenye kila kona. Zitafute kwa jembe kama zimefunikwa. Zikikosekana, aitwe mpima ardhi kabla ya pesa kutoka.

Na hapo hapo jifunze kuandika ekari badala ya heka. Heka ya mazungumzo yetu ni ekari moja, mita za mraba 4,047 hivi, lakini mteja aliyezoea karatasi za ofisini anaweza kusikia hekta, ambayo ni karibu ekari mbili na nusu. Tena kuna ile desturi ya heka kuwa hatua 70 kwa 70. Hesabu hiyo hukubali pale tu hatua moja inapokuwa sentimita 91 hivi. Nilijipima mwenyewe barabarani kwa futi kamba: hatua yangu ya kawaida ni sentimita 80. Hatua 70 zangu ni mita 56, na heka ninayoikanyaga mimi ina mita za mraba 3,136. Mteja angepoteza zaidi ya robo tatu ya ekari kwa kila ekari nne alizolipia, na hakuna aliyemwibia. Ni miguu yangu tu. Tangu siku ile futi kamba ya mita 50 haitoki kwenye mkoba wangu.

Futi kamba hiyo utaihitaji zaidi ukikaribia barabara kuu iendayo Segera. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliitanua hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande kutoka katikati. Viwanja vya mbele ndivyo wateja wanavyovipenda, kwa fremu za maduka na gereji, na ndivyo vyenye hatari. Simama katikati ya barabara gari zikitulia, pima, weka jiwe, mwonyeshe mteja. Akiona kwamba kiwanja cha mita 20 anachotaka kinaanzia mita 18 kutoka katikati, ataelewa mwenyewe bila maneno mengi. Fanya hivyo hivyo kwenye reli. Njia hii ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikapita Pongwe kwenda Muheza na Korogwe, na kuna miaka mingi iliyopita treni zikiwa chache, watu wakalima mahindi hadi kwenye mataruma. Treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi iliporudi Desemba 2019, ilionekana wazi kuwa reli iliyolala bado ina mwenyewe. Mtu akikuuzia eneo la kando ya reli, swali lako la kwanza lipeleke Shirika la Reli.

Kuna na mawe. Chokaa ya Pongwe ndiyo inayolisha kiwanda cha Tanga Cement, wenye mfuko wa Simba, kilichoanzishwa mwaka 1980, na ndiyo riziki ya watu wengi wa hapa. Kwa dalali mawe yana mambo mawili. Kwanza, madini hayauzwi pamoja na kiwanja. Kuchimba kunataka leseni yake. Muuzaji akimwambia mteja wako "ukikosa pesa ya kujenga utachimba mawe uuze", usilirudie neno hilo. Uliza vilevile kama eneo limo ndani ya leseni ya uchimbaji ya mtu mwingine. Pili, shimo la choo. Pale udongo ulipo mwembamba, fundi atapiga mtaimbo juu ya mwamba siku nzima apate kina cha goti, na bei yake itapanda ipasavyo. Mweleze mteja kabla, aweke gharama hiyo kwenye hesabu. Mimi huchukua sululu na kuchimba mahali pawili. Dakika kumi zinatosha.

Kiwanja kizuri cha Januari kitazame tena masika, uone maji yanatuama wapi. Na vumbi la barabara za machimbo linafuata upepo: nyumba inayokaa salama wakati wa kaskazi inaweza kuamka nyeupe wakati wa kusi. Majirani wanajua, angalia tu nguo zao wanazianika upande gani.

Nusu ya kazi yako, pengine zaidi, itakuwa vyumba vya kupanga. Wateja wako ni vijana wa kiwandani, makondakta, walimu waliohamishiwa hapa, mama wa chakula, familia inayokimbia kodi za mjini. Ujira wa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja. Kwa hiyo pesa ni ndogo na mizunguko ni mingi, na ndipo madalali wengi wanapoharibu jina kwa ile "hela ya kuonyesha". Msimamo wangu ni huu: usichukue hela ya kuonyesha kwa chumba ambacho hujampigia mwenye nyumba asubuhi ile ile ukathibitisha kiko wazi. Nimekutana na dada mjamzito aliyezungushwa na dalali nyumba tano kwa siku moja, akalipa kila mlango, na vyumba vinne vilikuwa na watu tayari. Huo ni wizi, hata kama kila mtu anaufanya.

Chumba kikaguliwe na macho ya atakayelala ndani. Nyumba zetu nyingi ni zile za korido katikati, vyumba huku na huku, uani choo na bafu. Hesabu milango, kisha uliza ni watu wangapi wanaotumia choo kile. Vyumba sita vyenye familia sita si sawa na vyumba sita vya vijana wasio na watoto. Washa taa, fungua bomba. Uliza bili ya Tanga UWASA inasomaje, maana deni la maji la mpangaji aliyetoroka humsubiri anayeingia. Kisha LUKU. Kama mita ni moja kwa nyumba nzima, mteja ajue kabla ya kulipa: nani ananunua umeme, wanachangiaje, mwenye friji anaongeza kiasi gani. Ugomvi niliowahi kuitwa kusuluhisha usiku wa manane umekuwa wa umeme kuliko wa kodi. Tena tangu mwaka 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU, mwanzo Sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu 2023 Sh 1,500. Hiyo ni kodi ya mwenye nyumba, lakini inakatwa kwa anayenunua umeme. Iandikeni kwenye mkataba kwamba itarudishwa au itapunguzwa kwenye kodi ya pango. Ni pesa ndogo, nayo imekwisha kuvunja salamu za watu.

Mwenye nyumba naye ni mteja wako. Usimletee mpangaji ambaye usingempangisha nyumbani kwa mama yako. Akikuuliza "huyu kijana anafanya kazi wapi?", uwe umeshajua, na mjumbe awe ameshamwona.

Sasa pesa, na hapa nakusihi unisikilize. Kishawishi kikubwa cha kazi hii ni cha juu. Mwenye shamba anataka milioni sita. Unamwambia mnunuzi milioni nane. Unakaza wasionane hadi mwisho. Mjini wanaweza wasionane. Pongwe watakutana. Watakutana msibani, watakutana kwenye daladala, watakutana kisimani wakiwa majirani wapya, na siku moja mmoja atasema bei kwa mdomo wake. Tena cha juu huzaa karatasi mbili, moja ya muuzaji na moja ya mnunuzi, na siku ya kodi karatasi hizo zitawasuta wote. Muuzaji anadaiwa kodi ya faida, asilimia 10 ya faida kwa mkazi. Na tangu Sheria ya Fedha ya 2023, asiye na kumbukumbu za gharama zake hukadiriwa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyothibitishwa, ile iliyo kubwa. Kuna ushuru wa stempu asilimia 1. Utawaambia bei ipi?

Taja ujira wako hadharani, mbele ya wote wawili, na uandike kabla ya kuonyesha eneo. Mkiwa madalali wawili au watatu kwenye mnyororo mmoja, mgawane kwa maandishi pia; simu moja inayosema "ndugu, mimi ndiye niliyekuunganisha" imeshavunja urafiki wa miaka. Pesa ya kiwanja isipite mikononi mwako. Itoke akaunti ya mnunuzi iingie akaunti ya muuzaji, mashahidi wapo, karatasi imesainiwa na kila upande una nakala. Kishika uchumba kiwe na karatasi yake, tarehe yake, na neno wazi la nini kitatokea mmoja akirudi nyuma. Akija mtu wa ofisi yoyote akadai asilimia yake ya mauziano mkononi, omba namba ya malipo ya serikali na stakabadhi. Inayostahili kulipwa itapatikana kwa namba.

Jihadhari na neno "mradi". Tangu jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi lilipowekwa Chongoleani Agosti 2017, kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda hadi pwani yetu, kila kichaka cha Tanga kimekuwa na mtu anayesema mradi utapita hapo. Bandari nayo imetanuliwa, na maneno yameongezeka. Anayelipwa fidia ya mradi ni yule aliyeorodheshwa kwenye tathmini, basi. Usimuuzie mtu tetesi. Mteja akikuuliza kama eneo litapanda bei, mwambie unachokiona: barabara iko umbali huu, maji yamefika hapa, nguzo za umeme zimeishia pale.

Utapata pia wateja wa mbali. Ndugu aliye Muscat au London atakupigia, atakutumia sauti, atataka picha. Mpigie video ukitembea mpaka wote, kona hadi kona, bila kukata, na jirani amsalimu. Kisha muulize anashika pasipoti ya nchi gani kabla hamjafika kwenye bei, maana sheria ina mlango tofauti kwa asiye raia, hata awe amezaliwa Chumbageni. Hilo akaliulize ofisi ya ardhi, na majibu ayapate kwa maandishi.

Wewe mwenyewe ujisajili. Chukua namba ya mlipakodi, chukua leseni. Julai 2025 serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, na udalali wa nyumba na viwanja umo. Kazi hii tumeachiwa sisi wenyeji, na haitakuwa na heshima kama sisi tunaoifanya hatuna hata daftari. Daftari langu ni la kawaida, la kurasa 200. Kila eneo lina ukurasa: mwenye mali, namba ya simu, tarehe niliyofika, majina ya majirani wa pande nne na walichosema. Ukurasa usio na majina manne siuuzi.

Kama una kiwanja mkononi wiki hii, kesho asubuhi usimpigie mteja. Nenda nyumba ya kwanza kutoka mpaka wa mashariki, piga hodi, amkia, kaa, umsikilize aliyemo.